Simu Isiyopita: Kwa Nini Habari Zetu Zinachelewa, na Tutafanya Nini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkubwa wa wanachama, Kasongo. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, ili wanachama wa vijijini na wafadhili wetu walio mbali nao wayapate.)

Yule ambaye hajala tangu asubuhi namwambia: vumilia kidogo, chakula kiko njiani.

Komite imeniomba niseme juu ya simu. Najua wengine watacheka. Tuko na shida ya mbegu, ya nyumba zilizochomwa, ya njia, ya watoto kukosa shule, na huyu amesimama hapa kusema juu ya simu! Lakini sikilizeni kwanza.

Msimu wa mvua uliopita kulikuwa ugawaji wa mbegu na majembe kwa familia zilizorudi. Orodha ya majina ilitakiwa ifike Ijumaa. Wajumbe wetu wa upande wa Kabambare walikuwa nayo tayari siku ya Jumatatu. Wakapanda kilima kutafuta rezo Jumatatu ile, Jumanne tena, Jumatano tena. Siku moja simu ilipita, mtu akaanza kusoma majina, akafika la sita, ikakata. Mwisho wakaweka karatasi mkononi mwa kijana wa moto. Kijana alifika Jumapili, amejaa matope mpaka kifuani. Ugawaji ulikuwa umefungwa. Wale watu hawakukosa mbegu kwa uvivu, wala hakuna mtu aliyekula kitu chao. Walikosa sababu simu haikupita, na msimu haungoji mtu.

Basi, leo nataka tuelewane juu ya mambo matatu: simu ya leta ilikuwa nini na ilikufaje, hii simu tuliyo nayo leo inakataa kwa sababu gani, na sisi kama chama tunaweza kufanya nini kwa nguvu zetu wenyewe, kabla ya kunyoosha mkono.

SIMU YA LETA

Vijana wengi wanafikiri simu ilianza na kampuni za kadi. Hapana. Nchi hii yetu ilipitiwa na waya zamani sana. Kati ya mwaka 1898 na 1901, Mmarekani mmoja, Mohun, aliyekuwa konsoli wa Marekani Zanzibar, aliongoza msafara wa mfalme Leopold wa Pili wa kutandika waya ya telegrafu kutoka ziwa Tanganyika kuelekea Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Miti ya waya ile ilibebwa na mabega ya watu. Halafu, miaka ya 1911 mpaka 1913, Wabelgiji wakajenga vituo vya simu ya upepo, bila waya, na jirani zetu Kindu na Kongolo walikuwa kati ya vituo hivyo. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba Maniema ni mbali mno, haiwezi kufikiwa na habari. Zaidi ya miaka mia iliyopita ilifikiwa, sababu wakubwa wa wakati ule walikuwa na haja nayo. Walitaka kujua pembe na mpira vimefika wapi. Haja ikiwako, waya inapita.

Baada ya uhuru, mwaka 1968, leta ikaunda ofisi moja ya posta na simu kwa taifa zima. Wazee wanaikumbuka kwa jina la ONPTZ. Baada ya mwaka 1997 ikawa OCPT. Kisha leta ikageuza makampuni yake kuwa sosiete za biashara, kwa dekreti za mwaka 2009, na leo inaitwa SCPT. Majina yamebadilika, lakini simu yenyewe ilikuwa inakwenda chini kila mara. Mashini zikakosa vipande vya kubadilisha. Nyaya za shaba zikakatwa na kuuzwa. Wafanyakazi wakakaa miezi bila mshahara. Ofisi za leta zenyewe zilipiga simu na hazikulipa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi nzima hii, yenye watu zaidi ya milioni 50, ilihesabiwa kuwa na laini za waya karibu 10,000 tu. Gawanyeni wenyewe. Na nyingi za hizo zilikuwa Kinshasa.

Kinshasa nako hazikuwa nzima. Ni kwa sababu hiyo simu ya mkononi ilianza mapema katika nchi yetu kuliko katika nchi nyingi za Afrika. Mfanyabiashara Miko Rwayitare alianzisha Telecel mwaka 1986. Simu moja ilikuwa kubwa kama tofali na bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Waliokuwa nayo ni wakubwa wa leta na matajiri. Angalieni vizuri jambo hili, sababu ndilo shina la maneno yangu: watu waliokuwa na uwezo wa kutengeneza simu ya wote walijinunulia simu yao wenyewe. Na tangu wakubwa walipopata simu yao, nani tena angelia juu ya waya ya posta ya Kasongo?

WAKATI WA VITA

Kisha vita vikaja, mwaka 1996, na tena 1998. Nchi ikakatwa vipande viwili. Sisi tulikuwa upande mmoja, Kinshasa upande mwingine. Treni ya Kindu kwenda Kongolo ikasimama, barua ikasimama. Ndipo tukaishi kwa foni.

Mnaikumbuka foni? Mashini ya redio, batri ya gari, waya mrefu umefungwa kwenye miti miwili. Ilikuwa kwa mapadri, kwa wafanyabiashara, kwa ofisi za afya. Unafika, unalipa, unaandikwa kwenye daftari, unaambiwa urudi kesho saa nne. Kesho saa nne unasimama mbele ya watu ishirini, na unamwambia mke wako mambo ya nyumbani kwa sauti ya juu, na mwisho wa kila neno unasema «a vu!» ili naye ajibu. Siri haikuwako. Mtu akifiwa, foni ilimlilia mbele ya watu wote. Lakini ilipita! Mvua ilinyesha, ikapita. Mazutu yalikosekana, ikapita, sababu pano moja ya jua na batri zilitosha.

Na wenzetu waliovuka ziwa? Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996. Waliofika kule wanajua karatasi ya Msalaba Mwekundu. Ni karatasi wazi, haina bahasha, unaandika habari za familia tu, hapana siasa, hapana jeshi. Nani amezaliwa, nani amekufa, nani yuko wapi. Ilikawia majuma, mara nyingine miezi. Mama fulani wa chama chetu alipata karatasi ya kumwambia mama yake mgonjwa, na siku ile ile akapata kwa mdomo wa msafiri habari kwamba amezikwa zamani. Hawezi kumlaumu Msalaba Mwekundu. Karatasi ilitembea kwa miguu, kifo kilikuwa mbele yake.

Mwaka 2005 mashua za kurudisha wakimbizi zikaanza kutoka Kigoma kuja Baraka. Wengi wenu mlipita pale, halafu mkashika njia ya Fizi kuja Kabambare. Na wengine wamekimbia tena baadaye, ndani ya nchi, kutoka Salamabila na vijiji vingine, wakarudi, wakakimbia tena. Kwa sisi tuliorudi, simu si kitu cha kujivunia. Mtu aliye kambini anauliza neno moja tu: kuko salama? Jibu likichelewa juma mbili, limekuwa uongo, hata kama aliyelisema alisema kweli. Mtu anarudi akisikia kuko amani, anakuta watu wanafungasha. Au anabaki kambini mwaka mzima akiogopa vita ambavyo vilikwisha zamani, na shamba lake linaliwa na pori, au na jirani.

KWA NINI INAKATAA LEO

Kampuni zikaja. Celtel ilianza mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002. Kulikuwa pia ile ya Wachina, CCT, ambayo leta ilikuwa na hisa ndani yake pamoja na ZTE; mwaka 2011 ikauzwa kwa Wafaransa, ikawa Orange. Vijana wakafungua kabini, meza na mwavuli, dakika kwa dakika. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Sasa mbona inakataa? Nimeuliza mafundi, na nitawaeleza kwa maneno ya nyumbani. Kuna magonjwa matatu.

Ugonjwa wa kwanza ni umeme. Antene inakula umeme mchana na usiku. Hapa kwetu hakuna waya wa umeme wa kuitegemea, kwa hiyo inaishi kwa pano za jua, batri na jenereta. Jenereta inakunywa mazutu. Mazutu yanakuja kwa kamio, na kamio inakuja kwa njia. Njia ya taifa namba 2, inayotoka Mbuji-Mayi, inapita hapa Kasongo na kuendelea mpaka Bukavu, mnaijua ninyi wenyewe mwezi wa 11. Kamio ikizama, mazutu yanazama nayo, na siku chache baadaye simu yako inaandika «hakuna rezo». Unatukana kampuni, kumbe simu yako imekwama kwenye matope ya njia. Tena batri zikizeeka au zikiibiwa, antene inalala jua linapotua. Ukiona rezo inakufa kila siku saa moja ya jioni na kufufuka asubuhi, ugonjwa ni huo.

Ugonjwa wa pili ni umbali. Antene ya kijijini haifanyi kazi peke yake. Lazima ipeleke sauti yako kwenye mashini kubwa za kampuni, ambazo ziko kwenye miji mikubwa. Mahali hakuna kabo ya ardhini, sauti inapanda kwenye setilaiti iliyo juu karibu kilomita 36,000, kisha inashuka. Kupanda na kushuka ni robo ya sekunde. Jibu nalo ni robo nyingine. Na kama mwenzako naye yuko kijiji cha setilaiti, sauti ya Kabambare kuja Kasongo inaweza kupanda, kushuka Kinshasa, kupanda tena na kushuka tena. Ndiyo sababu mnasema «alo, alo» wote pamoja na mnagombana bure. Mzee mmoja aliniambia: «Huyu mutoto wangu siku hizi ananijibu kwa zarau, nauliza, ananyamaza kwanza.» Hapana, mzee wangu. Mtoto amejibu mara moja. Heshima yake bado iko juu angani, inashuka.

Ugonjwa wa tatu ni msongamano. Ile njia ya setilaiti inalipiwa kwa dola, na kampuni inanunua nyembamba. Watu kidogo wanaweza kuongea kwa wakati mmoja. Kuanzia jioni, kila mtu amerudi shambani, kila mtu anataka kuongea, na aliyechelewa anaambiwa simu haipatikane. Simu ya mwenzako iko mkononi mwake, inawaka, lakini njia imejaa.

Juu ya hayo kuna kabo ya baharini. SCPT, ile posta yetu ya zamani, ndiyo iliyoleta kabo ya WACS Muanda, ikafunguliwa mwaka 2013, na ikaiunganisha na Kinshasa. Ni kazi njema. Lakini mwezi wa 8 mwaka 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari kwenye bonde la mto Kongo, ukakata kabo ile na nyingine jirani yake. Maji ya Lualaba yetu yanapita Kisangani na Kinshasa mpaka kwenye bonde lile lile. Kwa hiyo hata mtu wa Kinshasa alikaa bila intaneti nzuri. Hasara ya mbali inafika hapa, lakini kabo yenyewe, faida yake, inachelewa kufika hapa.

NANI ANATUDAI, NA SISI TUNAMDAI NANI

Mtu atasema: kampuni ni ya mwenyewe, itajenga inapopata faida. Ndiyo. Lakini hewa inayobeba sauti ni ya taifa, na kampuni imepewa ruhusa kwa masharti. Sheria namba 013 ya mwaka 2002 juu ya telekomunikasio iliacha rezo ya msingi mikononi mwa posta ya leta, na ikasema juu ya huduma ya wote, maana yake simu ifike hata mahali ambapo faida haiko. Sheria ya pili yake, namba 014, iliunda ARPTC, ofisi ya kusimamia kampuni hizi. Sheria mpya namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020 imerudia jambo hilo na kuweka mfuko wa kuendeleza huduma ya wote. Kwa hiyo mtu wa Kabambare akidai rezo, haombi sadaka. Anadai kitu ambacho sheria imekitaja.

Na pesa tumetoa. Mnakumbuka RAM? Ilianza mwezi wa 9 mwaka 2020. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya intaneti, ikikatwa ndani ya inite zako bila kuulizwa. Mama anaweka inite za kumpigia muganga, anakuta zimekwenda. Nchi nzima ililalamika, wadepite wakauliza maswali, na mwaka 2022 ikaondolewa. Nawaambia jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, mjue kwamba leta ikitaka kukufikia kwenye simu yako, inakufikia, hata kijiji cha mwisho. Pili, malalamiko ya watu wengi, yaliyosemwa kwa hesabu, yalishinda.

Na kuna mara ambazo simu haikuharibika, ilifungwa. Mwezi wa 12 mwaka 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi ulikatwa nchi nzima kwa majuma. Januari 2015, intaneti ikakatwa. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja baada ya kura, ikakatwa tena karibu siku 20. Wale wasiosikia kwa masikio, ambao simu yao ni maandishi tu, waliachwa gizani kabisa mwaka ule wa 2011. Tukipanga mipango yetu, tupange tukijua kwamba simu inaweza kukosekana kwa matope, kwa setilaiti, na kwa amri.

TUTAFANYA NINI

Komite imekaa mara tatu juu ya jambo hili. Hatukukubaliana kwa yote, na nitawaambia wazi tulipopishana.

Jambo la kwanza ni kitabu cha simu. Kila mjumbe wa kijiji atapewa daftari. Ataandika: siku, saa, rezo gani, nini kimetokea, imekaa muda gani. Basi. Maneno mafupi. Miezi mitatu. Tukienda kwa kampuni na kusema «rezo yenu ni mbaya», watasema aksanti na kutusindikiza mlangoni. Tukisema «antene hii imelala usiku wote tangu tarehe hii mpaka tarehe hii, na saa ni hizi», hapo fundi anajua ni batri, na mkubwa wake hawezi kusema hajui. Barua itakwenda kwa kampuni, nakala kwa ARPTC, nakala kwa administratere wa teritware. Tena mjue, mara nyingi mwenye kadi si mwenye antene. Antene ni ya kampuni nyingine inayopangisha. Barua yetu iwataje wote wawili, wasitupigishe mpira.

Nakaza neno hapa: kitabu cha simu hakiandiki mambo ya silaha. Hapana jina la mtu, hapana nani amepita wapi na bunduki. Daftari likishikwa njiani, liwe daftari la simu tu. Mjumbe wetu asipate shida kwa sababu ya karatasi ya chama.

Jambo la pili ni ujumbe mfupi kabla ya kupiga. Sauti inahitaji njia iwe wazi wakati ule ule. Ujumbe mfupi unangoja. Rezo ikifunguka hata dakika mbili usiku wa manane, unapita. Tumetengeneza namna moja ya kuandika: jina la kijiji, hesabu ya familia, herufi moja ya shida. M ni mbegu, A ni afya, N ni nyumba. Mjumbe anaandika mara moja, anaacha simu kwenye kilima cha rezo mikononi mwa mtu mwaminifu, anarudi shambani. Na wanaotaka kuongea, waongee alfajiri, saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili, njia ikiwa wazi.

Jambo la tatu ni karatasi. Kila orodha itoke kwa njia mbili siku ile ile: kwa simu, na kwa karatasi mkononi mwa mtu wa moto au wa kinga. Hatungoji tena simu ishindwe ndipo tutafute moto. Sanduku la chama litalipa safari hiyo. Wengine katika komite walisema ni hasara, kulipa mara mbili. Nawauliza: majembe na mbegu za familia zile zilizokosa zilikuwa bei gani? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la nne ndilo lililotupasua. Vijana wanataka tununue kifaa cha Starlink. Ruhusa ya Starlink ilikatazwa mwaka 2024 na ikatolewa mwaka 2025, kwa hiyo leo si haramu tena. Setilaiti zake ziko chini, karibu kilomita 550, kwa hiyo haina kule kuchelewa kwa sauti. Vijana wana haki kwa hayo. Wazee wanataka foni irudi: kituo kimoja hapa, kimoja upande wa Kabambare. Wanasema: Starlink inadai dola kila mwezi, na siku mfadhili akichoka, inakufa. Foni ukishainunua, na ukishapata ruhusa yake, inadai batri tu. Wazee nao wana haki.

Pendekezo la komite ni hili. Tusinunue kitu chochote kwanza. Ofisi ya afya na mapadri bado wanajua foni. Tuwaombe saa moja kwa juma ya kupitisha habari zetu, na sisi tuwasaidie kwa batri. Tujaribu miezi sita. Tukiona habari zinapita, tutajua kama tunahitaji mashini yetu. Na vijana wakusanye bei kamili ya Starlink, kifaa, umeme wake, malipo ya miezi 12, na waseme nani atalipa mwezi wa 13. Wakileta jibu la mwezi wa 13, mimi mwenyewe nitanyoosha mkono.

Jambo la tano ni pesa ya simu. Tunashukuru kutumiwa msaada kwa simu, ni salama kuliko kubeba pesa njiani. Lakini rezo ikilala, pesa inalala nayo, na mara nyingine rezo iko lakini ajenti hana franka za kukupa. Mama mmoja alikaa siku nne sokoni na mtoto mgonjwa mgongoni, pesa iko ndani ya simu yake, anaiona, hawezi kuila. Tutaweka akiba ndogo ya franka taslimu katika kila upande, kwa ugonjwa na uzazi tu, mikononi mwa mama wawili waliochaguliwa na wenzao, na daftari lisomwe kila mwisho wa mwezi mbele ya wote.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Ndugu zetu mlio mbali, mnaotusaidia, tunawaheshimu na tunawashukuru. Mara nyingi mnatuandikia: ripoti imechelewa, kwa nini? Leo mmesikia kwa nini. Tunawaomba mambo matatu.

Mkiweka tarehe ya mwisho ya orodha, hesabuni pia siku za njia. Siku tatu zinazowatosha watu wa mji ni sawa na kutufungia mlango.

Kubalini karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi na mjumbe na shefu wa kijiji. Picha na faili la kompyuta vitafuata. Familia isikose mbegu kwa sababu picha haikupanda.

Na katika bajeti mnazotusaidia, msifute mstari wa mawasiliano mkiona kama ni anasa ya komite. Safari ya moto yenye orodha mfukoni ni sehemu ya mbegu, kama gunia lilivyo.

Hatuwaombi mtujengee rezo. Hiyo ni kazi ya leta na ya kampuni, na tutaidai kwao. Mkiwa na sauti Kinshasa au kwenu, semeni kwamba huduma ya wote iliyoandikwa katika sheria ianzie mahali ambapo watu wamerudi kutoka kukimbia, sababu pale habari moja inaweza kurudisha familia nyumbani au kuikimbiza tena.

Ndugu wanachama, nimemaliza. Sasa tunapiga kura kwa jambo moja moja, si kwa yote pamoja. Mjumbe wa kila kijiji atachukua daftari lake kwa sekretere kabla ya kutoka, na atatia sahihi kwamba amelichukua. Tarehe ya kurudisha madaftari imeandikwa ukurasa wa kwanza. Asiyeweza kuja siku hiyo atume kwa mtu wa moto, chama kitalipa.

Na mama wa jikoni wameniambia chakula kimefika.